Tembe Kama Darasa: Ziara ya Wanafunzi Katika Nyumba ya Jadi

Wanachuo wanaporudi kutoka kwenye mazoezi ya kufundisha, sisi wakufunzi huyakusanya maandalio yao ya masomo na kuyasoma moja baada ya jingine. Katika andalio moja la Maarifa ya Jamii, lililokusudiwa darasa la nne katika kijiji kimoja cha Ugogo, mada ilikuwa ni nyumba za zamani, na swali la mwisho lilisema: taja hasara tano za nyumba ya tembe. Faida hazikuulizwa. Kutoka madirishani mwa darasa lile huonekana matembe mawili yanayokaliwa na watu, na yamkini baadhi ya watoto waliokuwa wakizitaja hasara hizo tano walikuwa wameamkia humo asubuhi ile ile.

Mwanachuo yule hakuwa na nia mbaya. Aliandika kama alivyofundishwa yeye mwenyewe. Lakini swali lake laonyesha ugumu ambao mwalimu wa nyanda za kati hukutana nao, na ambao mwenzake wa mjini hana. Mwalimu wa Dar es Salaam akiwapeleka wanafunzi kutazama tembe katika makumbusho, huwaonyesha kitu kigeni kwao. Mwalimu wa Chamwino, wa Bahi au wa Kondoa akifanya hivyo, huwaonyesha watoto nyumba ya bibi zao, huku kibao kikiwaambia kuwa nyumba hiyo ni ya kale. Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi ziara ya namna hiyo inavyoweza kutayarishwa na kuongozwa ili mtoto ajifunze sayansi, hesabu, jiografia na historia, wala asijifunze kuona aibu.

Nyumba yenyewe

Mwalimu hana budi kuijua nyumba kabla ya kuwapeleka watoto. Tembe ni nyumba ya miti na udongo yenye paa tambarare. Hujengwa na Wagogo, Warangi, Wanyaturu, Wairaqw, Wahehe na wengineo wa nyanda za kati na maeneo ya jirani, kila watu kwa namna yao. Tutasema zaidi juu ya tembe la Kigogo kwa kuwa ndilo lililo karibu nasi.

Ujenzi huanza kwa nguzo zenye panda, yaani miti iliyogawanyika juu mithili ya mkono ulionyoshwa kupokea kitu. Juu ya panda hulazwa mihimili, juu ya mihimili hupangwa miti myembamba iliyokaribiana, kisha vijiti na majani, na mwisho udongo unaoshindiliwa mpaka ukashikana. Kuta ni za fito na udongo. Jambo ambalo wanachuo wengi hawalitambui ni kwamba uzito wa paa hauchukuliwi na kuta. Huchukuliwa na nguzo. Ukuta ukibomoka kwa mvua, paa husimama, na ukuta huzibwa upya.

Vyumba hupangwa kwa mstari mrefu, na mstari huo huweza kupinda ukafanya pembe, na pembe ya pili, hata ukazunguka ua. Ndani ya ua huo ng'ombe hulala usiku. Milango huelekea uani, na upande wa nje huwa ukuta mtupu, au ukuta wenye matundu madogo tu. Mpango huu una maana yake. Mali ya mfugaji ilikuwa ni mifugo, na adui zake walikuwa simba, fisi na watu waliokuja kuteka ng'ombe. Nyumba ilikuwa ndiyo boma. Kila mke alikuwa na sehemu yake mwenye vyumba, moto na akiba ya nafaka, na vijana walikuwa na mahali pao, ndama na mbuzi wachanga pao. Mtu aliyejua kusoma mpango wa tembe aliweza kuzisoma habari za ukoo mzima pasipo kuambiwa: wake ni wangapi, watoto wa nani wameshaoa, nafaka ni ya nani.

Paa nalo lina kazi zaidi ya kufunika. Juu yake huanikwa mtama, uwele na karanga, na mboga za mlenda hukaushwa humo kwa ajili ya miezi ya kiangazi. Mahali ambapo mbuzi na kuku hula kila wanachokikuta chini, uanikio ulio juu ya kichwa cha mtu ni hazina.

Hali ya hewa ndiyo iliyoiruhusu nyumba hii kuwapo. Mji wa Dodoma uko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua yake kwa mwaka wa kawaida ni kama milimita 570, nayo karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayosalia ni ya jua, upepo na vumbi, na usiku wa Juni na Julai una baridi inayouma. Paa la udongo lisingedumu Bukoba. Hapa hudumu, mradi mwenyewe apande kila mwaka kabla ya masika, azibe nyufa na kushindilia upya. Udongo mzito hupokea joto polepole mchana na kulitoa polepole usiku, na kwa hiyo ndani huwa na ubaridi saa nane za mchana na uvuguvugu alfajiri. Bati hufanya kinyume chake, kama anavyojua kila aliyefundisha darasa la bati lisilo na dari mwezi wa Oktoba.

Hasara nazo zipo, na tungekuwa tunadanganya tukizificha. Moshi hukosa pa kutokea na huumiza macho na vifua, hasa vya akina mama na watoto wadogo. Wadudu hujificha katika nyufa. Mwanga ni haba. Tena nyumba hii hula miti mingi, na si miti yoyote bali ile migumu isiyoliwa upesi na mchwa. Katika nchi ambayo mmomonyoko wa udongo ulifikia hatua ya Serikali kuanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 kuamuru mifugo yote iondolewe katika eneo lililomomonyoka la Kondoa, mwalimu hawezi kuisifu nyumba ya miti bila kuuliza miti hiyo ilitoka wapi. Tunachokataa ni swali lenye upande mmoja.

Mahali pa kwenda

Matembe yaliyohifadhiwa kwa ajili ya watazamaji si mengi. Lijulikanalo zaidi ni lile la Kwihara, kilomita chache kusini-magharibi ya mji wa Tabora. Kwihara ilikuwa sehemu ya Unyanyembe, njia panda ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji na kaskazini kuelekea ziwa Nyanza. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walijenga huko matembe makubwa, wakichanganya ujenzi wa bara na mambo ya pwani: baraza mbele, mlango wa nakshi, maghala ya pembe na nguo. Henry Stanley alifika huko Juni 1871 akakaa katika mojawapo ya nyumba hizo. Alipokwisha kumpata David Livingstone huko Ujiji, wote wawili walirudi Kwihara tarehe 18 Februari 1872. Stanley aliondoka tarehe 14 Machi, na Livingstone akabaki akingoja wapagazi kutoka pwani hadi tarehe 25 Agosti mwaka ule. Jengo lililopo leo lilitengenezwa upya katika karne ya 20, na ndani yake hutunzwa nakala za barua, ramani na habari za safari hizo.

Ziara ya Kwihara ina faida kubwa kwa somo la historia, lakini mwalimu awe macho. Nyumba ile hujulikana kwa jina la mgeni aliyekaa humo miezi sita na siku chache. Mtoto aweza kutoka humo akiwa amejua alikolala Livingstone asijue aliyelitandaza udongo lile paa. Tungependa mwalimu awaulize wanafunzi wakiwa bado wamesimama uani: Nani alichota maji? Nani alipika? Pembe zilizowekwa ghalani zilifika hapa kwa mabega ya nani? Watu waliosafirishwa kama bidhaa walipitishwa wapi? Hapo ndipo Wanyamwezi, waliokuwa wapagazi mashuhuri wa njia ile, wanapoingia katika somo, pamoja na Mirambo, ambaye vita vyake na wafanyabiashara wa Unyanyembe ndivyo vilivyomzuia Stanley kupita njia ya kawaida mwaka 1871. Ndipo pia wanapoingia Susi na Chuma, waliouchukua mwili wa Livingstone na kupita nao Unyanyembe mwezi Oktoba 1873 wakielekea Bagamoyo.

Pa pili ni Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam, kandokando ya barabara iendayo Bagamoyo. Kilianzishwa katika miaka ya 1960 chini ya Makumbusho ya Taifa, na humo zimejengwa nyumba za jadi za makabila mbalimbali ya Tanzania, tembe likiwa miongoni mwazo. Makumbusho ya namna hii yana mfano wake wa awali huko Uswidi, ambako Skansen ilifunguliwa mjini Stockholm mwaka 1891 kwa kuzikusanya nyumba za wakulima zilizokuwa zikitoweka. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme imeufanya mwendo wa Dodoma hadi Dar es Salaam kuwa wa saa chache, na shule nyingi sasa zaweza kuifikiria safari ambayo zamani ilihitaji malazi ya siku mbili.

Kuna jambo moja la kufundisha katika Kijiji cha Makumbusho ambalo halimo katika kibao chochote. Dar es Salaam hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, karibu mara mbili ya ile ya Dodoma. Tembe lililojengwa pale limetolewa katika hali ya hewa yake. Tena halina moto wa kila siku. Moshi ule ule uumizao vifua ndio unaokausha miti na kuwafukuza wadudu waharibifu, na nyumba isiyopikiwa ndani huliwa upesi. Mwanafunzi wa darasa la sita akiulizwa kwa nini nyumba isiyokaliwa huharibika haraka kuliko inayokaliwa na watu kumi na wawili, akaachiwa muda wa kufikiri, atafika mbali.

Mahali pa tatu ni karibu kuliko pote, napo ni tembe linalokaliwa. Kwa maoni yetu, shule ya kijijini ianzie hapo, kisha ndipo iende makumbusho kama fedha zipo. Utaratibu wa kinyume, ambao ndio wa kawaida, huwafundisha watoto kwamba kitu huwa na thamani kikiwekewa kibao na tikiti.

Adabu ya ziara

Nyumba ya mtu haitembelewi kama makumbusho. Mwalimu aende peke yake kwanza, siku kadhaa kabla, aombe ruhusa kwa mwenye kaya na kwa mama mwenye nyumba, maana ruhusa ya mmoja si ruhusa ya mwingine. Aulize ni chumba gani wageni wasiingie. Chumba cha ndani cha mama, kwa mfano, chatosha kuelezwa wakiwa nje. Wanafunzi wapige hodi, wasalimie kwa lugha ya wenyeji, na mtoto asiye Mgogo afundishwe kusema *Mbukwenyi* kabla ya siku ya safari. Wasihesabu ng'ombe kwa sauti. Kuhesabu mifugo ya mtu mbele yake si adabu kwa wafugaji wengi, na kama hesabu inatakiwa, zipo nguzo za kutosha za kuhesabu. Wasiende mikono mitupu: kilo chache za sukari na chumvi, zilizochangwa na darasa, zitapokewa vyema. Kundi lisizidi watoto kumi na watano kwa mara moja. Darasa la watoto themanini ligawanywe, nusu wakichora nje na nusu wakihoji ndani, na kama hilo haliwezekani basi ziara ichukue siku mbili.

Mwenye nyumba ndiye mwalimu wa siku hiyo. Tumewahi kuona mwanachuo akisimama uani na kuwaeleza wanafunzi habari za paa, huku bibi aliyelishindilia paa hilo miaka arobaini ameketi mlangoni akimsikiliza. Katika ziara nyingine mambo yalikwenda vizuri zaidi. Mtoto wa darasa la tano alimwuliza mwenye nyumba:

"Bibi, shikamoo. Kwa nini mlango wenu ni mfupi?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Wewe umeingiaje?"

"Nimeinama."

"Basi. Na mwizi naye huinama. Akiingia, huingiza kichwa kwanza."

Watoto walicheka sana, na mwalimu aliyekuwa ameandaa maelezo ya dakika tano juu ya ulinzi wa makazi ya jadi hakuwa na la kuongeza. Baadaye mtoto mwingine alisoma swali kutoka katika daftari lake: "Bibi, watu wa kale waliishije humu?" Bibi akamtazama. "Watu wa kale siwajui," alisema. "Mimi jana nimelala humu." Swali lile lilikuwa limeandikwa ubaoni na mwalimu, na mtoto alilinakili kama lilivyo. Twashauri maswali ya mahojiano yatungwe na watoto wenyewe, mwalimu akirekebisha lugha tu.

Kazi za kufanya

Katika hesabu, tembe ni zana isiyogharimu kitu. Wanafunzi wapime chumba kwa kamba yenye mafundo ya kila nusu mita. Tuseme chumba kina urefu wa mita 6 na upana wa mita 3, na udongo wa paa una unene wa sentimeta 15. Eneo ni mita za mraba 18, na ujazo wa udongo ni mita za ujazo 2.7. Mita moja ya ujazo ya udongo mkavu ina uzito wa tani moja na nusu hivi. Basi juu ya vichwa vya wale wanaopima pana tani nne za udongo, na mvua ikinyesha uzito huzidi. Mtoto akiisha kulipata jibu hilo kwa kalamu yake mwenyewe, hahitaji kuambiwa kwa nini vyumba vya tembe ni vyembamba na kwa nini nguzo ni nene. Wanafunzi wakubwa wagawanye uzito huo kwa idadi ya nguzo.

Katika sayansi, vipimajoto viwili vyatosha. Kimoja kiwekwe ndani, kingine nje kivulini, na visomwe kila saa tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Cha tatu kikipatikana, kiwekwe katika nyumba ya bati ya jirani. Kazi hii ifanywe Septemba au Oktoba, joto linapokuwa kali, wala isifanywe Aprili wakati tofauti ni ndogo na watoto wakavunjika moyo. Grafu ya mistari mitatu itakayochorwa itaeleza mambo ambayo mhadhara hauwezi.

Historia yataka uangalifu zaidi, kwa sababu inagusa vidonda. Watoto watauliza kwa nini matembe yamekuwa machache, na jibu lipo katika maisha ya babu zao. Mwaka 1971 ilianza Operesheni Dodoma ya kuwakusanya wananchi katika vijiji vya ujamaa, na kati ya mwaka 1973 na 1976 uhamishaji wa watu vijijini ulienea nchi nzima. Kijiji kipya kilipimwa kwa viwanja vilivyonyooka kando ya barabara, ili shule, zahanati na maji viwe karibu. Vitu hivyo vilihitajika, na wengi wetu tulisoma katika shule zilizopatikana kwa njia hiyo. Lakini tembe la kuzunguka ua wa ng'ombe halikuweza kuingia katika kiwanja cha namna hiyo. Pamoja na hayo, kampeni za nyumba bora zilimaanisha tofali na bati, na tembe likawa alama ya kubaki nyuma. Wazee wengine watasimulia jinsi walivyohama kwa hiari, wengine jinsi walivyohamishwa na nyumba zikaachwa zibomoke. Mwalimu asichague masimulizi. Ayapokee yote mawili, wanafunzi wayaandike, na darasani yawekwe kando kwa kando. Tumeona walimu wakiikwepa sehemu hii kwa kuogopa siasa. Twaona kuikwepa ni kuwaambia watoto kwamba babu zao waliziacha nyumba zao kwa kutojua thamani yake, jambo ambalo si kweli.

Sababu nyingine ni za kawaida zaidi. Miti migumu imekuwa adimu. Vijana huhamia mjini. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, na mji kupewa hadhi ya jiji mwaka 2018, ardhi iliyokuwa malisho imepimwa viwanja, na mwenye kiwanja cha mita ishirini kwa thelathini hajengi ua wa ng'ombe.

Baada ya ziara wanafunzi wafinyange tembe la udongo juu ya ubao, kwa kipimo cha sentimeta 4 kwa mita moja, wakitumia vijiti vya panda halisi. Paa lao waliache juani wiki moja, kisha walimwagie maji kwa kopo lililotobolewa na watazame yanakopita. Makundi mengine yatapata paa linalovuja. Hayo yaruhusiwe kurudi kwa mwenye nyumba kumwuliza udongo alioutumia aliuchota wapi, kwa kuwa si kila udongo hufaa, na mahali pa kuuchota hupajua yeye.

Kuhusu upimaji, swali la hasara tano tumelibadilisha katika mazoezi ya mwaka huu. Wanachuo sasa huwapa wanafunzi kipande cha karatasi chenye mchoro wa kiwanja cha mita ishirini kwa thelathini, na kuwaambia: familia ya watu saba, mbuzi wanane, mvua ya Dodoma, fedha ya bati ishirini tu; chora nyumba, na ueleze umechukua nini kutoka kwenye tembe na umeacha nini. Karatasi za shule tatu zimekwisha kurudi. Nyingi zina uanikio juu ya paa, karibu zote zina dirisha kubwa jikoni, na mtoto mmoja amechora mlango mfupi.